Mzigo wa Kuafikiana: Urudufishaji wa Hifadhidata, 1996–2012

Aghalabu historia ya urudufishaji wa hifadhidata husimuliwa kama historia ya kompyuta zilizozidi kuongezeka. Sehemu hii inaitazama kama historia ya mzigo: nakala zinapotofautiana, ni nani anayewajibika kuzipatanisha?

Mwaka 1996, Jim Gray, Pat Helland, Patrick O'Neil na Dennis Shasha waliliwekea swali hilo hesabu. Muamala unaosasisha nakala zote kwa pamoja hushikilia kufuli katika kila kompyuta hadi umalizike. Kompyuta zikiongezeka, miamala huwa mingi na mirefu zaidi, na uwezekano wa miwili kungojeana bila kikomo hupanda. Kwa hifadhidata isiyobadilika ukubwa, kompyuta mara 10 huzaa mikwamo mara 1,000. Kuahirisha usasishaji hakukuwa dawa, kwani mahali pa mikwamo palikuja nakala zinazokinzana, nazo ziliongezeka kwa kasi ileile.

Amazon, katika maelezo yake ya mfumo wa Dynamo mwaka 2007, iliukubali ukinzani huo. Mteja sharti aweze kuongeza bidhaa kikapuni hata seva zikiharibika. Matoleo yanayokinzana yataunganishwa baadaye na programu ya kikapu yenyewe. Waandishi walikiri kwamba bidhaa iliyofutwa huweza kurejea. Dukani hilo ni kero tu. Katika akaunti ya benki lisingevumilika. Mzigo, kwa maneno mengine, ulihamia kwa mwandishi wa programu.

Spanner ya Google, iliyoelezwa mwaka 2012, husifiwa zaidi kwa saa zake za atomiki na vipokezi vya GPS. Kwa maoni ya mtafiti, linalofunza zaidi ni hali ya hifadhidata ya matangazo iliyoitangulia: ilitumia MySQL, ikagawanywa kwa mikono, na ugawaji upya wa mwisho ulichukua zaidi ya miaka 2 na kuhusisha makumi ya timu. Spanner iliurudisha mzigo ndani ya mfumo. Saa zake hutaja wakati pamoja na kiasi cha shaka, kwa kawaida chini ya milisekunde 10, na muamala husubiri shaka hiyo ipite kabla ya kuthibitishwa. Hesabu ya 1996 haikutanguliwa: data imegawanywa katika vikundi vidogo vya nakala, hivyo muamala mmoja hauhitaji kuzigusa kompyuta zote.