Jiwe la Ivuna lawa kipimo cha safari za anga

Kwa wakazi wa Majengo mjini Sumbawanga, na Ufipa kwa ujumla, Ivuna ni jina la chumvi iliyochemshwa kwa karne nyingi kusini mwa Ziwa Rukwa. Katika maabara za dunia jina hilohilo ni la jiwe.

Jiwe lenyewe lilianguka jioni ya Desemba 16, 1938, katika eneo ambalo leo liko wilayani Momba, Mkoa wa Songwe. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa takribani gramu 700, haufiki hata kilo moja ya sukari. Lisichanganywe na kimondo maarufu cha Mbozi, ambacho ni bonge la chuma la tani kadhaa. La Ivuna ni jeusi, hupukutika kwa urahisi, na madini yake yamebeba maji na kaboni.

Thamani yake inatokana na uhaba. Hadi mwisho wa karne ya 20, vimondo vya aina hiyo vilivyoshuhudiwa vikianguka vilikuwa vitano: viwili Ufaransa, kimoja India, kimoja Kanada na hicho cha Tanganyika. Wanasayansi walilipa kundi zima jina la Ivuna. Ukiondoa gesi nyepesi, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia kabisa ule wa Jua. Ni masalia ya malighafi iliyounda sayari zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Malighafi hiyo ndiyo iliyofuatwa na Japani. Chombo chake, Hayabusa2, kilirushwa Desemba 2014 kikiwa kimebeba pia chombo kidogo cha kutua kilichotengenezwa na Ujerumani na Ufaransa. Mwaka 2019 kiligusa mara mbili uso wa asteroidi Ryugu, na katikati ya safari hizo mbili kilifyatua kipande cha shaba kilichochimba shimo, ili upatikane udongo wa chini. Desemba 2020 kapsuli ilitua Woomera, Australia, ikiwa na gramu 5.4 tu.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Ryugu na Ivuna ni ndugu. Lakini kilichotikisa wataalamu ni tofauti zao. Chumvi za salfeti, zilizozoeleka katika vimondo vya kundi la Ivuna, hazikuonekana katika udongo wa Ryugu, na maji nayo yalikuwa pungufu. Maana yake, sehemu ya kile kilichosomwa kwa miongo kadhaa kuwa historia ya anga ilikuwa unyevu wa hewa yetu, ulioingia jiweni baada ya kuanguka. Hakuna darubini ambayo ingelibaini hilo. Ilibidi chombo kiende na kurudi. Marekani ilifuata njia hiyo kwa asteroidi Bennu, na Septemba 2023 ilipokea gramu 121.6 jangwani Utah.

Kimondo cha Mbozi kingali mahali pake na wageni hukitembelea. Kipande cha Ivuna chenye takribani gramu 200 kilinunuliwa mwaka 2008 na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London.