Zaburi za Sheikh: Kanisa la Unguja Lilivyojifunza Kujibu

Atokaye Kizimbani, katika yale mashamba ambako riwaya mashuhuri husema kwamba Saleh bin Haramil al-Abry alipanda mikarafuu ya mwanzo ya Unguja mnamo mwanzo wa karne ya 19, akashika njia ya Mjini hata akafika Mkunazini, huwa ameifuata historia yenyewe ilikopita. Kwani karafuu ilitaka mikono, na mikono ilinunuliwa katika soko la Mkunazini, na miongoni mwa watoto waliookolewa majahazini Kanisa la Kiingereza lilipata wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Dakta Edward Steere walipofika, Sayyid Majid aliwapa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa, na mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi.

Walipelekwa kusoma Kiungani, nje kidogo ya mji. Na mji wenyewe ulikuwa mji wa maulama, ambamo mtoto wa jirani alisomeshwa msahafu hajang'oa meno ya utoto. Kijana aliyetoka bara, aliyekwisha poteza wazazi na lugha yake, akiulizwa barazani vipi Mwenyezi Mungu awe na mwana, au vipi watatu wawe mmoja, angejibu nini? Kwa itikadi yangu, swali hilo la barazani ndilo lililoifanya Kiungani kuwa chuo cha kweli, wala si kengele yake wala si majengo yake.

Steere, ambaye alitawazwa uaskofu mwaka 1874, hakuanza kwa kubishana. Alianza kwa kusikiliza: akakusanya hadithi za watu wa mjini, akatunga kitabu cha sarufi, vyote viwili vikatoka mwaka 1870, akazungumza dini na Sheikh Abdul Aziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni mkubwa, ambaye alikuwa hodari wa kuzijibu hoja za Wakristo. Na Sheikh huyo, kwa hiari yake, alijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili fasihi. Kazi ikasimama njiani, kwani shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa wasikilizaji waliokusudiwa. Nami kila nikikumbuka hizo Zaburi moyo wangu hulainika: wapinzani wawili wameinamia kitabu kimoja, wakitafuta neno lililo sawa.

Waliofuata walikuwa na haraka zaidi. Kanoni Godfrey Dale aliandika kuwaeleza walimu Waafrika habari za Uislamu na ikhtilafu zake na Ukristo, hatimaye mwaka 1923 ikachapwa London tafsiri yake ya Kurani nzima kwa Kiswahili, pamoja na dibaji na maelezo. Alitaka mwalimu wa Kikristo asinene juu ya kitabu asichokisoma, na nia hiyo naiheshimu. Lakini maelezo yake mengi yanatafuta hoja ya kushinda, na anayesoma kitabu cha mwenziwe kwa kutafuta hoja aghalabu huikosa ladha yake.

Waislamu waliumizwa na tafsiri hiyo ya Dale, wakajibu kwa kalamu. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui akashika kazi ya tafsiri. Mwaka 1953 Maahmadiya wakatoa yao, ambayo nayo maulama wa Kisunni waliikataa. Na mwaka 1969 ikakamilika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwana wa Unguja, kwa Kiswahili kilekile cha Unguja ambacho Steere alikiandikia sarufi. Na huyo Farsy ndiye aliyeandika maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na katika safu yao akamweka Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, yule aliyemfasiria Steere Zaburi.