Uzi: Wafanyakazi na wanamazingira wakiungana, nani analipa?

Kila ushuru wa mafuta ukitajwa hapa, lazima mtu aseme mazingira ni mambo ya matajiri, ati chama cha wanyonge hakiwezi kukaa meza moja na watu wa miti. Wacha niwapeleke Ujerumani. Majina ya vyama na wanasiasa nayaacha, mnajua kawaida yetu.

1985, jimbo la Hesse. Chama kikongwe cha wafanyakazi hakikuwa na wingi bungeni, kikagawana serikali na wanamazingira ambao juzi tu walikuwa barabarani wakiandamana. Waziri wao aliapishwa akiwa amevaa raba nyeupe! Mapema 1987 ndoa ikavunjika, sababu kiwanda cha plutoniamu kule Hanau. Hawa waliona kazi za watu, wale wakaona sumu. Mimi sioni nani alikuwa mjinga hapo.

Twende 1998. Miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, wanamazingira walipitisha azimio kwamba petroli ipande polepole hadi maki 5 kwa lita, karibu mara 3 ya bei ya wakati huo. Watu waliwaka! Wakaponea na asilimia 6.7 ya kura, lakini pamoja na wenzao wakaunda serikali ya taifa.

Wakiwa ndani, wakawa wapole. Aprili 1999 waliongeza senti 6 za maki kwa lita, na nyongeza ikarudiwa kila mwaka hadi 2003. Ujanja wenyewe ni huu: sehemu kubwa ya pesa hiyo ilienda kwenye pensheni, na mchango wa pensheni ukashuka kutoka asilimia 20.3 ya mshahara hadi 19.5, mwajiri na mfanyakazi wakigawana nusu kwa nusu. Unaumia kwa pampu, unapumua mwisho wa mwezi.

Na kama huna mshahara? Mstaafu, asiye na kazi, mwanafunzi kama mimi: hakuna makato ya kupunguziwa, na petroli ni ile ile. Septemba 2000, mafuta yalipopanda duniani, malori na teksi zilijaa Berlin kuandamana.

Ndiyo maana wanaotaka tunakili mpango huu Kenya vile ulivyo hawajanishawishi. Wengi wetu tuko jua kali. Nauli ya matatu ikipanda, mama mboga anailipa yote, na hana makato yoyote ya kushuka.