Ayub Ogada: mwimbaji na mwigizaji ambaye wimbo wake ulijulikana kuliko jina lake

Ayub Ogada, aliyezaliwa kwa jina la Job Seda, alikuwa mwimbaji, mpigaji wa nyatiti na mwigizaji wa Kenya. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 na kufariki dunia tarehe 1 Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera, katika Kaunti ya Kisumu. Wimbo wake Kothbiro umesikika katika filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar na katika muziki wa rapu wa Marekani. Hata hivyo, wengi walioupenda hawakupata kumjua aliyeuimba. Sababu moja ni kwamba kazi zake ziliufikia ulimwengu kwa majina matatu: Job Seda katika filamu, Ayub Ogada katika albamu, na Black Savage katika rekodi za ujana wake.

Lugha inayovuka mpaka

Kwa wakazi wa Paya, wilayani Tororo mashariki mwa Uganda, muziki wa Ogada si mgeni. Paya ni nchi ya Jopadhola, ambao lugha yao, Dhopadhola, ni ndugu wa karibu wa Dholuo, lugha aliyoiimba Ogada. Masimulizi ya wazee husema kwamba Adhola, ambaye watu hao wanabeba jina lake, alikuwa ndugu yake Owiny. Adhola alibaki Budama, naye Owiny akaendelea na safari hadi nchi ambayo leo ni Nyanza, upande wa Kenya. Mwanahistoria Bethwell Ogot aliyachunguza masimulizi ya aina hiyo katika kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa kusini, kilichochapishwa mwaka 1967.

Mpaka unaopita Busia na Malaba ni mchanga kuliko udugu huo. Hadi mwaka 1902, Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Mwaka huo serikali ya Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hivyo watu wenye lugha za asili moja wakajikuta chini ya tawala mbili. Ala za muziki nazo zina undugu: Waluo wa Kenya wana nyatiti, na Jopadhola wana tongoli, ala yao ya nyuzi.

Utoto kati ya mabara

Ogada alizaliwa katika nyumba ya wanamuziki. Akiwa bado mtoto, aliandamana na wazazi wake hadi Marekani, ambako walitumbuiza wanafunzi wa vyuo kwa muziki wa Kiluo. Baada ya familia kurejea Kenya aliendelea na masomo nyumbani, kisha akapelekwa katika shule ya bweni nchini Uingereza.

Malezi hayo yalimpa masikio mawili. Alizijua nyimbo za nyumbani, na wakati huohuo alikulia katikati ya roki na soul zilizotawala redio za Uingereza na Marekani. Aliporudi Nairobi akiwa kijana, hakuanza na nyatiti bali na ngoma na ala nyingine za kugongwa, katika bendi za kisasa za mjini.

Nairobi ya miaka ya 1970

Bendi yake ya mwanzo iliyojulikana ilikuwa Black Savage, kundi la vijana wa Nairobi waliochanganya roki na miziki ya Kiafrika. Kundi hilo ndilo lililorekodi kwa mara ya kwanza wimbo Kothbiro, katika miaka ya 1970. Maandishi ya hakimiliki huwataja watunzi wawili: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada.

Mwishoni mwa muongo huo, Ogada alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Bendi hiyo ilitokana na African Heritage, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Lengo lilikuwa kuziweka ala za jadi jukwaani sambamba na gitaa za umeme. Katika mazingira hayo, kijana aliyesoma Uingereza akaigeukia ala ya wazee wake.

Nyatiti ina nyuzi nane zilizovutwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelala kando yake karibu na ardhi. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, nayo huigonga kwenye mti wa ala ili kutoa mdundo, na mguuni hufunga njuga. Hivyo mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Kwa desturi, nyatiti ilipigwa na wanaume katika matanga na sherehe, na mpigaji wake alikuwa msifu wa watu na mtunza kumbukumbu za ukoo.

Mbele ya kamera

Mwaka 1985 ilitolewa filamu Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kupigwa nchini Kenya. Nyota wake walikuwa Meryl Streep na Robert Redford. Kwa jina la Job Seda, Ogada aliigiza kama Kanuthia, msaidizi wa mwindaji Denys Finch Hatton. Filamu hiyo ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Miaka miwili baadaye alionekana katika The Kitchen Toto, filamu ya mwongozaji Harry Hook inayohusu mtoto wa Kikikuyu anayefanya kazi katika nyumba ya ofisa wa polisi Mzungu, wakati vuguvugu la Mau Mau likianza.

Nafasi hizo zilifanana na zile walizopewa waigizaji wengi wa Afrika Mashariki katika filamu za kigeni za wakati ule: watumishi, wasaidizi na askari waliosimama kando ya wahusika wakuu wa Kizungu. Mamilioni ya watazamaji waliuona uso wake, lakini jina lililoandikwa mwishoni mwa filamu halikuwa lile ambalo angelitumia katika muziki. Aliyekuja kuipenda albamu yake miaka ya baadaye hakuwa na njia rahisi ya kutambua kwamba amekwisha kumwona kwenye sinema.

Mabadiliko ya jina hayakuwa makubwa kama yanavyoonekana. Job wa Kiingereza ndiye Ayubu wa Biblia ya Kiswahili na Ayub wa Kiarabu. Ni jina lilelile, likitamkwa kwa namna ya nyumbani.

Kutoka reli ya chini ya ardhi hadi studio

Mwaka 1986 Ogada aliondoka Kenya na kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Jijini London alipiga muziki katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, akitegemea sarafu za wapita njia. Huko ndiko alikosikiwa na watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia ambalo mwanamuziki Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 1988 alialikwa kutumbuiza katika tamasha hilo, na baadaye akawa akifungua maonyesho ya Gabriel katika ziara zake za kimataifa.

Mwaka 1993 kampuni ya Real World Records ilitoa albamu yake En Mana Kuoyo, maana yake “Ni mchanga tu”. Ni albamu iliyofanywa kwa utulivu: sauti ya chini, nyatiti, na ala chache za kuisindikiza. Ogada hakujaribu kushindana na kelele za muziki wa dansi wa wakati huo. Alipunguza kila kitu hadi msikilizaji asiyejua hata neno moja la Dholuo akaweza kubaki na sauti ya mtu na nyuzi zake.

Katika albamu hiyo aliuimba upya wimbo Kothbiro. Jina hilo maana yake ni “mvua inakuja”. Ni onyo la nyumbani kwa wafugaji: mawingu yamekusanyika, ng'ombe warudishwe zizini. Mkulima wa Paya anayeyatazama mawingu jioni anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Kothbiro yasafiri

Mwaka 2005 mwongozaji wa Brazil, Fernando Meirelles, alitoa filamu The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré kuhusu majaribio ya dawa kwa maskini nchini Kenya. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Kibera, Nairobi. Muziki wake ulitungwa na Mhispania Alberto Iglesias, na Kothbiro ukapewa nafasi ya pekee ndani yake. Rachel Weisz alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na muziki wa Iglesias uliteuliwa kuwania tuzo hiyohiyo. Kwa watazamaji wengi, sauti ya Ogada ndiyo iliyobaki masikioni baada ya taa za ukumbi kuwashwa.

Mwezi Juni 2018 rapa Kanye West alitoa albamu Ye. Wimbo wake Yikes ulijengwa juu ya kipande cha Kothbiro, ukaingia katika nyimbo kumi za juu za chati kuu ya Marekani. Safari hii hakikuchukuliwa kutoka albamu ya mwaka 1993, bali kutoka rekodi ya zamani ya Black Savage. Hivyo jina la mwimbaji wa rekodi liliandikwa Black Savage, na la Ogada likabaki katika orodha ya watunzi, mahali ambapo wasikilizaji wachache hufika.

Nani hulipwa wimbo unaposafiri?

Mfano wa Kothbiro unaonyesha vizuri namna hakimiliki inavyofanya kazi. Katika kila wimbo uliorekodiwa mna haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na lahani, nayo ni ya mtunzi au watunzi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, na mara nyingi humilikiwa na kampuni au bendi iliyogharimia studio. Kothbiro ni utunzi mmoja wenye rekodi mbili. Filamu inapotumia rekodi ya 1993, ruhusa ya rekodi hutafutwa kwa mmiliki mmoja. Rapa anapotumia rekodi ya Black Savage, hutafutwa kwa mwingine. Mtunzi anastahili fungu lake katika hali zote mbili.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huulinda utunzi wa muziki katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mirabaha inaweza kuwafikia warithi ambao hawakupata hata kumwona mtunzi jukwaani. Lakini ili fedha zifike, ni lazima jina la mtunzi liwe limeandikwa sawasawa, na kazi yake iwe imesajiliwa na chama kinachokusanya mirabaha. Msanii mwenye majina matatu, kama Ogada, huhitaji uangalifu wa ziada ili kazi zake zote zihesabiwe kuwa za mtu mmoja.

Afrika Mashariki ina funzo jingine katika wimbo Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ukaimbwa na Miriam Makeba, na baadaye na kundi la Boney M. Hata hivyo, hadi leo wapo wanaosema mtunzi wake wa kwanza alikuwa Mtanzania Adam Salim. Kothbiro umenusurika na ubishi wa namna hiyo kwa sababu majina ya watunzi wake yaliandikwa.

Kurudi nyumbani

Baada ya miaka mingi Ulaya, Ogada alirejea Kenya na kuishi karibu na Kisumu. Hakuwa msanii wa albamu nyingi. Pamoja na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren alitoa Tanguru mwaka 2007 na Kodhi mwaka 2015. Alifariki miezi minane baada ya kutolewa kwa wimbo wa Kanye West, wakati Kothbiro ukisikilizwa na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa ulipoimbwa kwa mara ya kwanza.

Nyatiti, ambayo katika ujana wake ilionekana kuwa ala ya matanga ya vijijini, leo hupigwa na vijana wa mijini, na wanawake pia wameshika nyuzi zilizokuwa za wanaume. Kwa Waluo wa Kenya na kwa jamaa zao wa Padhola, Ogada aliacha ushahidi kwamba lugha ya watu wachache inaweza kuimbwa mbele ya ulimwengu bila kutafsiriwa. Kwa wasanii chipukizi wa Tororo, Busia na kwingineko, ameacha pia jambo la kufanya kabla ya kuingia studio: kuandika jina la kila aliyeshiriki kutunga, na kulisajili.