Redio ya Gari la Kuiba

Aprili 2018, watu waliokuwa na GTA IV tangu 2008 waliwasha gemu yao, wakaiba gari kama kawaida, wakafungua redio, na nyimbo kadhaa hazikuwepo. Rockstar ilikuwa imeziondoa kwa sababu leseni zake za miaka kumi zilikuwa zimeisha. Stesheni ya Vladivostok FM, ile ya nyimbo za Kirusi, ndiyo iliyonyolewa vibaya zaidi. Ikabidi ijazwe nyimbo zingine.

Sisi tuliojifunza GTA kwa PS ya mtaa, San Andreas ikizunguka hadi CD inachoka, hatukuwahi kujiuliza nani amelipia zile nyimbo. Wimbo ulikuja na gari. Kumbe hata kampuni iliyotengeneza gemu ilikuwa mpangaji tu. Sasa kama mwenye gemu ni mpangaji, wewe unayejirekodi ukicheza halafu unapakia video YouTube ni mgeni wa mpangaji. Na mwenye nyumba hakujui.

Wimbo mmoja huwa na wenyewe wawili kisheria: mwenye utunzi, na mwenye rekodi. Mfano ambao hautampita Mkenya ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, wimbo uliofungua Civilization IV mwaka 2005, na ambao 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Maneno yake ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Wengi wetu tuliikariri kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Lakini ukipakia video ya gemu hiyo na dai la hakimiliki likaja, kujitetea kwamba "hii si ni sala" hakutakusaidia, kwa maana hakuna anayedai sala. Kinachodaiwa ni muziki wa Tin na ile rekodi. Kwaya ya kanisa lenu ikiuimba na kuurekodi upya, rekodi ni yenu, utunzi bado ni wake. Studio ya gemu ikitaka wimbo wa mtu hununua ruhusa ya vyote viwili, ikae navyo ndani ya gemu. Video yako iko nje ya mkataba huo, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine.

Jinsi mashine ilivyoingia katikati ya haya ni hadithi ya mahakama za Marekani. Sheria ya 1998 inayoitwa DMCA ililinda majukwaa ya intaneti: halishtakiwi kwa kile watumiaji wanachopakia, bora liondoe haraka likiambiwa. Machi 2007 Viacom ikaona hiyo haitoshi, ikaishtaki YouTube ikidai zaidi ya dola bilioni 1. Oktoba mwaka huo huo YouTube ikaanza kujaribu mfumo tunaoujua leo kama Content ID. Mwenye kazi hukabidhi nakala, mashine huilinganisha na kila video inayopakiwa, na ikipata mfanano humpa mwenye kazi chaguo: fungia video, ifuatilie tu, au chukua pesa ya matangazo. Kesi yenyewe ilimalizwa kwa makubaliano 2014.

Watu huongea kuhusu Content ID kama vile ni sheria. Si sheria. Ni mapatano ya wakubwa wawili waliochoka kupigana, na mchezaji hakuitwa kwenye hicho kikao.

Alikuja kujua hivyo Desemba 2013. Chaneli nyingi za gemu zilikuwa chini ya mitandao iliyokuwa ikizikinga, kisha YouTube ikaanza kuzipitisha kwenye mashine pia. Madai yakanyesha, mengine kwa video za miaka ya nyuma. Cha kushangaza, kampuni za gemu zenyewe, Capcom na Blizzard zikiwemo, zilijitokeza hadharani kuwaambia wachezaji wapinge, zitawasaidia. Ubisoft ikaeleza kwamba madai kwenye gemu zake yalikuwa yanatoka kwa msambazaji wa muziki wake. Yaani mkono mmoja unakuambia rekodi tu, mkono mwingine wa mwili huo huo uko mfukoni mwako.

Twitch haikubaki nyuma. Agosti 2014 ilianza kuzima sauti kwenye video zilizohifadhiwa, na 2020 watu waliamka wakakuta klipu za miaka zimefutwa. Lakini kichekesho kikuu ni cha Februari 2021. Metallica walikuwa wanapiga kwenye BlizzCon ya mtandaoni, na chaneli ya gemu ya Twitch yenyewe, kwa kuogopa madai, ikaweka muziki wa bure juu ya gitaa zao. Jamaa wanatikisa vichwa kwa hasira, unachosikia ni wimbo wa kubembeleza watoto. Metallica hao hao walioishtaki Napster mwaka 2000! Mimi huiangalia nikiwa na siku mbaya.

Watengenezaji wamejifunza kiasi. Cyberpunk 2077 ilitoka na swichi ya kuzima nyimbo za leseni, na 2021 Riot ikatoa albamu ambayo yeyote anayerusha gemu anaweza kuitumia. Vizuri, lakini hiyo haiisaidii video yako ya 2016.

Sasa, takwimu ambayo hunikera. YouTube yenyewe iliripoti kwamba kati ya Januari na Juni 2021 kulikuwa na madai ya Content ID zaidi ya milioni 722. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1. Na katika hayo machache, asilimia 60 yaliisha kwa ushindi wa aliyepakia. Madai mengi ni halali, sikatai. Ukicheza redio ya GTA nzima nyuma ya video yako, hakuna pingamizi hapo, kata sauti uende. Lakini kuna watu wengi wanaonyamaza kwa woga tu.

Woga wenyewe unatokana na kuchanganya mambo mawili. Dai si onyo. Dai hugusa pesa au kufungia video. Onyo huja pale mwenye kazi anapotuma ombi rasmi la kuondoa, na ni maonyo matatu ndani ya siku 90 yanayoweza kuua chaneli. Ukipinga dai, mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu linaanguka. Tangu 2016 pesa hukaa pembeni mpaka mzozo uishe. Zamani video iliyokuwa kwenye mzozo haikumwingizia yeyote pesa. Pinga ndani ya siku 5 na zitashikwa tangu siku ya kwanza ya dai.

Jirani yangu hurekodi gemu za mbio za magari, biti anapigiwa na binamu yake. Mwezi uliopita msambazaji fulani asiyemjua alidai ile biti. Shida ni kipande cha ngoma ambacho binamu alikinunua kihalali mtandaoni, na watu wengine wengi pia wamekinunua. Mmoja wao alikisajili ndani ya wimbo wake, na mashine sasa inamwona yeye ndiye baba wa wote. Marekebisho ya 2019 ya sheria yetu ya hakimiliki yalileta utaratibu wa ilani za kuondoa, ila dai la Content ID halipitii huko, linabaki kati yako na jukwaa. Tuliketi na jirani tukaandika pingamizi mistari minne: jina la kipande, risiti, leseni inasema nini, sekunde gani kinasikika.

Leo ni siku ya 19.