Lutindi ilianza na watoto: shule na majeraha ya nafsi katika Handeni na Korogwe

Watanzania wengi huitaja Mirembe ya Dodoma pale wanapotaka kumdhihaki mtu. Lutindi hutajwa mara chache, ingawa ni kongwe kuliko Mirembe. Ipo katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, na hadi leo ni hospitali ya magonjwa ya akili chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Ni miongoni mwa hospitali za mwanzo kabisa za aina yake katika Afrika Mashariki.

Hata hivyo, Lutindi haikuanzishwa kwa ajili ya watu wazima. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani waliifungua kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka katika misafara ya watumwa. Miaka minane baadaye, mwaka 1904, idadi ya watoto hao ilipokuwa imepungua na serikali ya kikoloni ikitafuta mahali pa kuwaweka watu walioitwa wendawazimu, mahali hapo pakageuzwa kuwa hospitali. Watoto wakatoka katika historia ya huduma ya akili ya mkoa wa Tanga, na kwa maoni yangu hawajarudishwa ipasavyo hadi leo. Makala hii inauliza ni nani aliyeachiwa kazi ile, na kwa nini shule, ambayo ndiyo humkuta kila mtoto, haikupewa.

Tusiipambe Lutindi ya 1896. Wamisionari walikuwa na malengo yao: kubatiza, kufundisha kusoma, kuzoesha mikono ya watoto kazi ya shamba. Wala hawakuwa wa kwanza kumpokea mtoto aliyeng'olewa kwao. Nchi ya Uzigua, ambayo leo sehemu yake kubwa ni Handeni, ilikuwa imekwisha kuonja msiba huo. Katika njaa kali ya miaka ya 1830, watu walijiweka rehani, wakaweka rehani na watoto wao, ili wapate chakula. Wengi waliishia kuvushwa baharini hadi Somalia. Vizazi vyao vilibaki katika bonde la mto Juba vikisema Kizigua, na vikikumbuka kwao ni wapi.

Jamii zilizobaki huku zilikuwa na namna zao za kumrudisha mtu aliyevunjika moyo. Kulikuwa na mjomba na shangazi, bibi wa hadithi za jioni, kungwi wa unyagoni, na mtani aliyeruhusiwa kusema msibani lile ambalo ndugu wa damu hakuweza kulisema. Namna hizo hazikuwa na jina la afya ya akili, na baadhi yake zilikuwa na ukatili wake. Lakini zilikuwa na jambo moja la msingi: mtoto mwenye huzuni alikuwa na mtu mzima anayejulikana, mwenye wajibu wa kumuuliza una nini.

Ukoloni ulidhoofisha mtandao huo pasipo kuweka mwingine. Mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893 uliligeuza bonde la Pangani, Korogwe ikiwemo, kuwa nchi ya mashamba makubwa. Wanaume walisafiri kutoka mbali kuja kuwa manamba, na watoto wengi walikua mbali na wajomba na bibi zao. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka hiyohiyo ilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na maakida. Ilimhitaji mtoto mwenye mwandiko mzuri, mwenye kuwahi na mwenye kutii.

Adhabu ya zama zile tunaikumbuka hata katika lugha: hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Mjerumani. Sidai kwamba fimbo iliingia Afrika kwa meli, kwa maana wazee wetu nao walichapa. Ninachosema ni kwamba kiboko kama utaratibu wa ofisi, chenye idadi, chenye mtoaji aliyeidhinishwa na chenye daftari, ni urithi wa dola ya kikoloni. Bendera ilipobadilika, daftari lilibaki.

Baada ya uhuru tulifanya makubwa. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isimtenge mtoto na jamii yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungua njia ya elimu ya msingi kwa wote iliyoanza mwaka 1977, na vijiji vya Handeni ambavyo havikuwahi kuwa na darasa vikapata darasa. Mafanikio hayo si ya kubezwa.

Lakini katika zama hizohizo Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa mapema na sera ya vijiji vya ujamaa. Kaya zilihamishwa, makaburi na miembe vikaachwa nyuma. Watoto walifika kijiji kipya na kukuta shule, pengine kwa mara ya kwanza. Aliyewapokea alikuwa mwalimu kijana aliyeandaliwa kwa haraka ili kuziba pengo, mbele ya darasa lililofurika. Alifunzwa kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hakufunzwa jinsi ya kumtambua mtoto ambaye mwili upo kwenye dawati na moyo umebaki kwenye boma la zamani.

Hapa ndipo sheria inapotufundisha kuliko hotuba. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kutolewa upya mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nia ilikuwa njema: kupunguza na kudhibiti. Hata hivyo, tazama kanuni hiyo inatuambia nini kuhusu sisi. Dola imetaka kujua kwa maandishi ni mtoto gani alichapwa, kwa kosa gani na mara ngapi. Kanuni yenye nguvu ileile inayomtaka mwalimu mkuu aandike ni mtoto gani alisikilizwa, kwa tatizo gani na alisaidiwa vipi, mimi siijui.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walipigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, yenye kukataza mateso na adhabu za kikatili, lakini kiboko cha shuleni kikabaki. Kenya ilikwisha kukiondoa mwaka 2001. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi Bukoba alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu. Taifa lilishtuka, kesi ikaendeshwa, na kanuni zikabaki zilivyo.

Watumishi wa umma wanaonisoma watasema, na wana haki, kwamba mambo yamebadilika. Nyaraka za wizara zinataka kila shule iwe na mwalimu wa ushauri na unasihi. Mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017 ulitaka shule ziwe mahali salama, na sasa tunasikia madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto yakianzishwa shuleni. Ni kweli. Swali langu ni dogo: mwalimu huyo ana vipindi vingapi kwa wiki? Kama ni vilevile vya wenzake, basi unasihi ni kazi ya mwalimu aliyechoka, inayofanyika saa ambayo mtoto anatakiwa awe njiani kurudi nyumbani. Na kama mwalimu huyohuyo ndiye aliyeshika fimbo asubuhi, mtoto gani wa darasa la pili atamfungulia moyo mchana?

Kwa Handeni swali hili si la nadharia. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, wajukuu wa wale waliovushwa katika karne ya 19 walikimbilia nchi ya mababu zao, na wengi wakapewa makazi Chogo. Walikuja na watoto walioona yaliyoonwa na watoto wa vitani. Kuanzia Juni 2022 kaya za wafugaji kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera. Serikali inasema wamehama kwa hiari. Watetezi wa haki na baadhi ya wenyeji wa Ngorongoro wanasema kulikuwa na shinikizo. Na wapo wakazi wa zamani wa Msomera wanaolalamikia ardhi yao. Mabishano hayo yana majukwaa yake. Mtoto wa miaka saba aliyehama hakushirikishwa katika uamuzi huo kwa upande wowote. Ameacha lugha iliyomzunguka, ng'ombe aliowajua kwa majina na bibi aliyebaki nyuma. Shule imejengwa, na hilo ni jema. Nani ndani yake ana jukumu la kumuuliza una nini?

Watasema watoto husahau upesi. Mimi nawajibu kwa historia: Wazigua wa Juba hawakusahau kwa zaidi ya miaka 150. Mtoto hasahau, hunyamaza. Na katika darasa la wanafunzi mia moja, ukimya huonekana kama nidhamu, wakati mtoto anayelipuka kwa uchungu huonekana kama mkorofi na kuandikwa katika kile kitabu.

Yapo mambo matatu ambayo halmashauri za Handeni na Korogwe zinaweza kuyaanza bila kusubiri sera mpya. Kwanza, mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi na asihusishwe kamwe na adhabu. Pili, afisa ustawi wa jamii awe na siku maalumu ya kufika shuleni, hasa zile zinazopokea watoto waliohamia, badala ya kuitwa baada ya tukio. Tatu, Lutindi ipo. Wilaya yenye uzoefu wa zaidi ya karne moja katika kuhudumia akili za watu inaweza kuwaomba wahudumu wa hospitali hiyo wawafundishe walimu dalili za kutazama na njia ya kumfikisha mtoto kwa mtaalamu kabla hajaharibikiwa. La nne, kuondoa kiboko katika kanuni, ni la waziri na Bunge, na wanaharakati wasichoke kulidai.

Sidai kwamba hayo yataponya kila jeraha. Nadai tu kwamba kazi iliyoachwa mwaka 1904 bado inamsubiri mtu wa kuifanya, na kwamba watoto wa kufanyiwa kazi hiyo wako darasani, asubuhi hii, wakiitika majina yao.