Namikonga: Historia ya Mbegu na Msamiati Wake

Istilahi za kilimo hazikusanywi ofisini peke yake. Mwandishi wa makala haya alifika Nanganga, katika bonde la Mto Lukuledi, mahali ambapo barabara itokayo pwani kwenda Masasi huachana na ile iendayo Ruangwa. Mkononi alikuwa na orodha ya maneno ya kuulizia, na la kwanza lilikuwa "mbegu iliyobadilishwa". Mzee mmoja mkulima, aliyekuwa ameketi kando ya makopa yaliyoanikwa, alijibu kwa upole: "Mwanangu, hizo hapa hatuna. Sisi tunapanda Namikonga, mbegu ya asili tuliyoachiwa na wazee." Kisha akanyoosha kidole kwenye mkorosho wake uliobebeshwa, akauliza kwa wasiwasi: "Au ndio huu?"

Muhogo aliouita wa asili una damu ya mti wa mwituni, iliyotiwa humo na wataalamu kwa makusudi. Mkorosho aliouogopa haukubadilishwa nasaba kwa kule kubebeshwa. Mzee hana lawama, kwani kosa ni la msamiati tuliompa. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo hilo, na kuonyesha kwa nini inatupasa kuyatenganisha majina ya kazi ambazo hadi sasa twazitia katika kapu moja.

Mche wa Amani

Katika wilaya za Masasi na Newala, muhogo ni akiba ya nyumba. Huachwa ardhini na kuchimbwa kadiri ya mahitaji. Ndiyo maana ugonjwa wa michirizi kahawia ni adui mwenye hila. Shamba laweza kuonekana la kijani, lakini mkulima achimbapo hukuta nyama ya muhogo imeoza, mikavu na ya rangi ya kahawia. Hugundua kuwa ghala lake ni tupu siku ile ile anapolihitaji.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa Kituo cha Amani katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kushikwa na Waingereza. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walitafuta muhogo wenye kuhimili magonjwa ya virusi. Kinga waliyoikuta katika mihogo ya kawaida haikutosha, basi wakawageukia jamaa zake wa mbali. Mmojawapo ni mti uliokuwa ukipandwa kwa ajili ya utomvu wa mpira, ambao wataalamu wa mimea huuita Manihot glaziovii.

Walichukua chavua ya mmea mmoja na kuipaka katika ua la mwingine. Wazao wa kwanza walikuwa na kinga lakini hawakuwa na mizizi ya kufaa kuliwa. Ikabidi wachavushwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, ili mazao yarudi na kinga isipotee. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950. Miongoni mwa matunda yake ulikuwamo mche uliojulikana kwa namba tu: 46106/27.

Namba haipandwi shambani, hupandwa mbegu yenye jina. Katika pwani ya Kenya mche huo ulipata jina la Kaleso. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa Kaleso na Namikonga ya kusini mwa Tanzania ni wa nasaba moja. Mwaka 2016 wataalamu waliosoma vinasaba vya mihogo mingi walikuta ndani ya baadhi yake vipande vizima vya vinasaba vya ule mti wa mpira. Hivyo vipando vilipita kutoka mkono hata mkono, jina jipya likaota, na historia ya maabara ikasahauliwa. Watu wakasema "asili", nao hawakudanganya. Kwa mkulima, asili ni kile alichokikuta kwa wazazi wake.

Kazi nne, jina moja

Tukiitazama historia hii, twaona kazi zisizopungua nne ambazo hutajwa kwa pamoja kuwa "kubadilisha mbegu".

Ya kwanza ni kuchagua, yaani kutenga mimea bora na kuipanda tena. Hii ni ya kale kama kilimo chenyewe.

Ya pili ni kubebesha. Kikonyo cha mkorosho bora hufungwa juu ya shina la mche mwingine, wakaishi pamoja. Neno hili ni zuri mno, maana limetoka katika kubeba. Mtoto abebwaye mgongoni habadiliki nasaba kwa kubebwa. Vivyo hivyo kikonyo hubaki na tabia ya mkorosho kilikokatwa.

Ya tatu ni kuzalisha chotara, yaani kuchavusha mimea ya aina mbili, kama ilivyofanyika Amani. Hapa nasaba mbili huchanganyika kwa maelfu ya jeni, na mtaalamu huchagua katika wazao.

Ya nne ni uhandisi jeni. Jeni moja au chache zilizokwisha kujulikana hutiwa katika chembe ya mmea ndani ya maabara, mara nyingi kwa kutumia bakteria wa udongo ambaye kwa tabia yake huingiza vinasaba vyake katika mimea. Mimea ya kwanza ya namna hii, tumbaku ikiwamo, ilitangazwa mwaka 1983. Kwa njia hii watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walitia katika muhogo kipande cha vinasaba kilichonakiliwa kutoka kwa virusi wa michirizi kahawia wenyewe, ili mmea uwatambue na kuwazuia. Mwaka 2021 mamlaka ya Kenya iliidhinisha muhogo huo uende katika majaribio ya kitaifa ya mashambani. Nchini Tanzania, jaribio la mahindi ya kuhimili ukame lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na serikali ikasimamisha majaribio ya aina hiyo mwaka 2021.

Adui ni mmoja katika Amani na katika maabara za leo, lakini njia ni mbili. Sheria nayo imezitenganisha: kanuni za mwaka 2009 za usalama wa bioteknolojia ziliweka wajibu mzito wa fidia kwa madhara ya mazao ya uhandisi jeni, wajibu ambao hauyagusi mazao ya kubebesha wala chotara wa kawaida. Ikiwa mwanasheria huzitenga, mkulima atazitengaje kwa neno moja?

Mapendekezo

Kwanza, "mbegu iliyobadilishwa" lisitumike kama istilahi, kwa kuwa halisemi nani kabadilisha nini. Pili, vinasaba libaki kuwa jina la ile dutu ya urithi, na jeni liwe jina la kipande chake chenye kazi maalumu. Neno vinasaba lina sifa ya kujieleza lenyewe kwa kila ajuaye nasaba. Tatu, kubebesha, chotara na uhandisi jeni yatumike kila moja mahali pake, hasa katika vijitabu na matangazo ya redio kwa wakulima. Nne, "mbegu ya asili" lisitumike kuwa kinyume cha uhandisi jeni. Namikonga yatosha kuwa ushahidi.

Si kazi ya mwanaistilahi kumwambia mkulima apande nini. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku mkulima atakapoulizwa anataka au hataka, awe anajua anajibu swali lipi. Yule mzee wa Nanganga alipoelezwa habari za Amani alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe Namikonga naye ana ukoo." Katika maneno hayo machache alikuwa amekwisha kulielewa neno vinasaba.